NYAMA NZURI HUANZIA MALISHONI

Tunapokwenda buchani kununua nyama huwa tunatazama mambo mawili. Kwanza tunatazama bei. Pili tunatazama rangi. Tukiona nyama ni nyekundu na bei yake si mbaya, tunasema, "Nipimie kilo moja." Basi, tunachukua nyama yetu tunakwenda zetu nyumbani.

Lakini yako maswali mengine ambayo wengi wetu hatuyaulizi. Mnyama huyu alikula nini? Alikuwa anaumwa au mzima? Alipewa dawa gani, na lini? Alitoka kijiji gani? Nyama yake imefungwa ndani ya nini? Maswali haya si ya madaktari wa mifugo peke yao. Ni maswali ya kila mla nyama, na ya kila mfugaji anayetaka kuuza mnyama wake kwa bei nzuri.

Katika makala hii tutaeleza mambo matatu. La kwanza, jinsi chakula cha mnyama kinavyobadili nyama yake. La pili, jinsi ya kufunga nyama isiharibike. La tatu, kwa nini ni lazima kujua nyama ilitoka wapi. Mwisho tutaonyesha jinsi daftari na kalamu vinavyoweza kumsaidia mfugaji.

CHAKULA NDICHO KINACHOGEUKA NYAMA

Ng'ombe hali nyama, lakini anatupa nyama. Anaipata wapi? Anaitengeneza mwilini mwake kutokana na majani, maji na chumvi. Kwa hiyo chakula kikiwa hafifu, nyama nayo itakuwa hafifu.

Wafugaji wetu wanalijua jambo hili vizuri. Wakati wa masika majani ni mengi na ng'ombe hunenepa. Wakati wa kiangazi majani hukauka na ng'ombe hukonda. Masika yakirudi, anaanza tena kujaza alichopoteza. Ndiyo sababu ng'ombe wetu wengi wa asili huchukua miaka mingi kabla ya kufaa kuchinjwa. Na ng'ombe aliyezeeka nyama yake ni ngumu. Mama anaweka chungu motoni asubuhi, hadi jioni bado anachochea kuni.

Wafugaji wengine wamepata njia. Katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu, ambako pamba hulimwa, watu hununua ng'ombe waliokonda. Huwafungia mahali pamoja na kuwalisha mashudu na makapi ya mbegu za pamba, pumba na majani makavu. Baada ya miezi mitatu hivi ng'ombe huwa amejaa, nyama yake imelainika na uzito umeongezeka. Singida na Dodoma wako wanaotumia mashudu ya alizeti. Lakini tahadhari! Mashudu ya pamba yana sumu kidogo ya asili. Ng'ombe mkubwa anaimudu, lakini ndama wadogo, nguruwe na kuku wanaweza kudhurika. Usiwape hao bila kumwuliza afisa mifugo.

Chakula hubadili hata rangi ya mafuta. Ng'ombe aliyekula majani mabichi kwa muda mrefu, mafuta yake huwa ya manjano. Rangi hiyo inatoka katika majani, nayo ni jamaa ya ile rangi iliyo ndani ya papai na karoti. Ng'ombe aliyelishwa nafaka na pumba, mafuta yake huwa meupe. Wako watu wanaokataa mafuta ya manjano wakidhani nyama imechacha. Si kweli. Harufu na utelezi ndivyo vinavyoonyesha nyama iliyooza, si umanjano wa mafuta.

Ladha nayo hutokana na chakula. Kuku au nguruwe akilishwa dagaa kwa wingi mpaka siku ya kuchinjwa, nyama yake hunuka samaki. Mfugaji mwangalifu huacha kuwapa dagaa wiki mbili au tatu kabla ya kuchinja.

MNYAMA ALIYECHOKA HATOI NYAMA NZURI

Hebu tulitazame jambo moja ambalo wengi hatulijui. Ndani ya misuli ya mnyama iko akiba ya sukari. Akiba hiyo ndiyo nguvu yake ya kutembea na kukimbia. Mnyama akichinjwa, sukari ile hugeuka kuwa uchachu kidogo ndani ya nyama. Uchachu huo huwezi kuuonja kwa ulimi, lakini una kazi kubwa. Unaifanya nyama iwe na rangi nzuri nyekundu, na unazuia vijidudu visizaliane upesi.

Sasa, tuseme ng'ombe ameswagwa kwa miguu siku tatu kwenda mnadani. Hakula vizuri. Amepigwa fimbo njia nzima. Kisha amepakiwa katika lori, akafika machinjioni usiku na kuchinjwa alfajiri. Akiba yake ya sukari imekwisha yote njiani. Je, uchachu utatoka wapi? Hautakuwapo. Nyama ya ng'ombe huyo itakuwa nyeusi-nyeusi, ngumu, yenye kunata vidoleni. Nayo itaoza mapema kuliko nyama nyingine. Mwenye bucha ataona hasara. Safari ijayo atampunguzia bei mfugaji, na mfugaji hatajua sababu.

Kwa hiyo tufanye hivi. Mnyama wa kuchinjwa apumzishwe. Kama ametoka mbali, apumzike siku mbili tatu akila na kunywa. Usiku wa mwisho kabla ya kuchinjwa asipewe chakula, bali apewe maji tu. Kwa nini? Kwa sababu tumbo likiwa limejaa, ni rahisi kupasuka wakati wa kuchuna, na mavi yakamwagikia nyama. Tena asipigwe. Kila fimbo huvilisha damu chini ya ngozi, na sehemu hiyo hukatwa na kutupwa. Anayempiga ng'ombe wa kuuza anajipiga mfukoni mwake mwenyewe.

VITU VIBAYA ANAVYOKULA MNYAMA

Mnyama hawezi kusoma wala kuchagua kama binadamu. Anakula anachokikuta. Tueleze mambo manne ya hatari.

Jambo la kwanza ni nguruwe anayezurura. Nguruwe akiachwa azurure hula chochote, hata kinyesi cha watu. Kama mtu aliyejisaidia porini ana tegu tumboni, kinyesi chake kina mayai ya tegu. Nguruwe akiyala, mayai yale huingia katika nyama yake na kuwa vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, naye anapata tegu tumboni. Mzunguko unaanza upya.

Lakini kuna hatari kubwa zaidi. Mwenye tegu asiponawa mikono, mayai yale yanaweza kuingia kinywani mwake, au katika chakula cha watoto wake. Hata mtu asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuyapata. Mayai hayo yakiingia mwilini mwa binadamu yanaweza kufika mpaka ubongoni na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ambapo ugonjwa huu umeenea, katika kila watu 100 wenye kifafa kama 30 hivi wanakipata kwa njia hii. Wazazi wangapi wamehangaika kwa waganga wakiuliza nani amemroga mtoto wao? Kumbe asili yake ni choo kilichokosekana na nguruwe aliyeachwa bila banda. Dawa ya kuzuia ni rahisi: kila kaya iwe na choo na ikitumie, kila nguruwe awe bandani, kila mtu anawe mikono kwa sabuni, na kila nyama ipikwe ikaiva hata ndani.

Jambo la pili ni mifuko ya nailoni na misumari. Ng'ombe na mbuzi wanaolishwa karibu na majalala humeza mifuko. Mifuko haisagiki. Inajikusanya tumboni kama mpira na kuziba njia. Mnyama anaonekana ameshiba, kumbe anakufa kwa njaa. Misumari na vipande vya waya huweza kuchoma tumbo mpaka moyoni.

Jambo la tatu ni nafaka yenye ukungu. Tuna tabia ya kusema, "Mahindi haya yameharibika, mpe kuku." Tuiache tabia hiyo. Ukungu wa mahindi na karanga huweza kuwa na sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Ng'ombe akilishwa nafaka ya namna hiyo, sumu yake hupita hata katika maziwa. Kwa hiyo kumpa ng'ombe mahindi mabovu si kuitupa sumu. Ni kuizungusha mpaka irudi katika kikombe cha mtoto.

Jambo la nne ni dawa. Mnyama akiugua tunamtibu, na hiyo ni kazi njema. Lakini dawa haitoki mwilini siku ile ile. Inakaa ndani ya nyama na maziwa kwa siku kadhaa. Siku hizo huitwa siku za kungoja. Zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na kila dawa ina zake. Tuseme kibandiko kinasema ungoje siku 28. Umempiga ng'ombe sindano tarehe 3 Machi. 3 kuongeza 28 ni 31. Kwa hiyo usimchinje wala kumwuza kwa mchinjaji mpaka tarehe 31 Machi ipite. Ukimchinja mapema, walaji wanakula dawa bila kujua. Vijidudu vilivyo miilini mwao vinaizoea dawa hiyo. Siku moja mtoto ataugua, atapewa dawa ile ile hospitali, nayo haitamponya.

MNYAMA ALIYEKUFA MWENYEWE

Hapa tuseme kwa sauti kubwa. Mnyama aliyekufa ghafla asiliwe!

Kuna ugonjwa wa kimeta. Vijidudu vyake hujificha katika udongo kwa miaka mingi sana. Wakati wa kiangazi, ng'ombe anapong'ata majani mafupi karibu na ardhi, huvimeza pamoja na udongo. Mara nyingi hufa ghafla bila kuonyesha dalili. Damu nyeusi isiyoganda huweza kutoka puani na sehemu nyingine za wazi.

Wanakijiji wanaona ng'ombe mzima, mnene, amekufa jana tu. Wanasema, "Tutaachaje nyama yote hii?" Wanamchuna, wanagawana, na nyama nyingine inauzwa kwa bei ya chini kijiji cha jirani. Baada ya siku chache watu wanatoka vidonda vyeusi mikononi, wengine wanaumwa matumbo, na wengine hufa.

Ndugu, ukiona mnyama amekufa namna hiyo, usimpasue. Ukimpasua unavifungulia mlango vijidudu. Usimguse kwa mikono mitupu. Fukuza mbwa. Mwite afisa mifugo ili aeleze jinsi ya kumfukia au kumchoma. Kupoteza ng'ombe mmoja ni hasara, lakini ni hasara ndogo kuliko msiba.

KUFUNGA NYAMA

Sasa tuseme mnyama wetu alikuwa mzima, amelishwa vizuri, amepumzishwa na amekaguliwa. Nyama yake ni safi. Je, kazi imekwisha? Bado. Nyama nzuri inaweza kuharibika kwa muda mfupi kwa sababu ya mikono yetu, nzi, vumbi na kifungashio kibaya.

Vijidudu vya uozo ni vidogo sana. Katika joto vinaweza kuzaliana mara mbili kila dakika 20. Tupige hesabu. Tukianza na vijidudu 100:

Baada ya saa 1 vitakuwa 800.
Baada ya saa 2 vitakuwa 6,400.
Baada ya saa 3 vitakuwa 51,200.
Baada ya saa 4 vitakuwa 409,600.

Mnaona wenyewe. Nyama iliyotundikwa juani tangu asubuhi, ikifika mchana ni mji mkubwa wa vijidudu. Kwa hiyo tunapofunga nyama tunataka mambo matatu: uchafu usiingie, nyama isikauke, na baridi ikiwepo ihifadhiwe.

Tuanze na vifungashio vibaya. Gazeti si kifungashio cha nyama. Wino wake hugeuka na kushika nyama, na gazeti lenyewe limepita mikono mingi. Gazeti ni la kusoma! Viroba vya mbolea, vya saruji au vya dawa za mimea havifai hata kidogo, hata ukivifua mara kumi. Sumu inaweza kubaki katika nyuzi zake.

Zamani wengi tulizoea mifuko ya nailoni. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Katazo la Tanzania halikugusa vifungashio vya plastiki vinavyotumika viwandani kufungia vyakula. Hata kabla ya katazo, mfuko ule haukuwa rafiki wa nyama. Nyama yenye joto ikifungiwa ndani ya nailoni hutoa jasho. Jasho ni maji, na vijidudu vinapenda maji na joto. Ndiyo sababu nyama inafika nyumbani ikiwa inateleza.

Je, tutumie nini? Karatasi safi ya kaki inafaa kwa safari fupi. Lililo bora ni kwenda buchani na chombo chako mwenyewe, kama vile beseni au sufuria yenye kifuniko, iliyooshwa na kukauka. Mikoa yenye migomba, kama Kagera na Kilimanjaro, watu wametumia majani ya mgomba tangu zamani. Si ushamba. Jani zima, lililooshwa, ni safi kuliko gazeti. Na mwenye bucha asipokee fedha na kukata nyama kwa mkono ule ule bila kunawa.

Viwandani wanayo njia nyingine. Nyama huwekwa ndani ya mfuko maalumu wa plastiki, hewa yote hunyonywa kwa mashine, kisha mfuko hufungwa. Vijidudu vingi vya uozo vinahitaji hewa. Pasipo hewa vinakwama. Nyama ya ng'ombe iliyofungwa hivyo na kuwekwa katika baridi kali isiyogandisha huweza kukaa wiki nyingi, wakati nyama isiyofungwa hukaa siku chache tu hata ndani ya jokofu. Ukiiona utashangaa, kwa maana rangi yake ni ya zambarau. Usiogope. Nyama hupata wekundu wake inapokutana na hewa. Ukifungua mfuko ukangoja kidogo, itarudia rangi nyekundu. Lakini kumbukeni: kunyonya hewa hakuondoi haja ya baridi. Mfuko huo ukiachwa kwenye joto ni hatari, kwa sababu viko vijidudu vya sumu vinavyopenda mahali pasipo hewa.

Hapo ndipo chakula na kifungashio vinapokutana. Majani mabichi yana vitamini inayozuia mafuta yasichache upesi. Nyama ya ng'ombe aliyekula majani hayo hutunza rangi yake muda mrefu zaidi. Na nyama ya mnyama aliyechoka, hata ukiifunga kwa mashine ya thamani, itaharibika kabla ya wenzake. Kifungashio hutunza uzuri uliopo. Hakiwezi kuleta uzuri usiokuwapo.

NYAMA HII ILITOKA WAPI?

Mnyama akiwa mzima, kila mtu anamjua. "Huyu ni ng'ombe wa fulani." Akishachinjwa na kukatwa vipande, ni nani atajua? Hapo ndipo inapotakiwa alama.

Alama ya kwanza tunayoijua sote ni muhuri. Mkaguzi wa nyama akiridhika, hupiga muhuri juu ya mzoga kwa wino usiodhuru. Muhuri ule ni kama sahihi. Unasema: "Nyama hii nimeikagua." Msomaji, sasa unajua kusoma. Ukifika buchani, omba uonyeshwe muhuri. Usione haya. Nyama isiyo na muhuri ni mbuzi kwenye gunia.

Hebu tusikie yaliyotokea nchi nyingine. Huko Uingereza, mwaka 1986, waligundua ugonjwa mpya wa ng'ombe. Ng'ombe alitetemeka, akapepesuka, akaanguka. Watu wakauita ugonjwa wa ng'ombe wazimu. Asili yake ilikuwa nini? Chakula! Ng'ombe, ambaye ni mla majani, alikuwa analishwa unga uliosagwa kutokana na nyama na mifupa ya wanyama wengine. Mwaka 1988 serikali ikakataza chakula hicho. Lakini ugonjwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuonekana. Ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuugua. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba ugonjwa kama huo umewapata watu, na kwamba huenda ulitokana na nyama. Huko Uingereza watu 178 wamekufa. Nchi za Ulaya zikakataa nyama ya Uingereza.

Swali kubwa likawa: ng'ombe huyu alizaliwa wapi, na alikula nini miaka mitano iliyopita? Kumbukumbu za kutosha hazikuwapo. Kuanzia Julai 1996 kila ndama aliyezaliwa Uingereza akatakiwa kuwa na hati yake, kama pasipoti ya msafiri. Baadaye nchi za Umoja wa Ulaya zikaweka sheria kwamba kifungashio cha nyama ya ng'ombe kionyeshe alizaliwa nchi gani, akakuzwa wapi na akachinjwa wapi.

Je, sheria hiyo ilisaidia? Tazameni Ayalandi mwaka 2008. Kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo kilikausha mabaki ya mikate kwa moto wa mafuta machafu. Sumu ikaingia katika chakula hicho. Kililiwa na nguruwe wa mashamba machache tu, kama 10 hivi, na pia na ng'ombe wa mashamba kadhaa. Lakini viwandani nyama ya nguruwe wa mashamba mengi ilikuwa imechanganywa. Hapakuwa na njia ya kusema pakiti hii ni salama na ile ni mbaya. Desemba mwaka huo serikali ikaamuru nyama yote ya nguruwe iliyotengenezwa nchini tangu tarehe 1 Septemba iondolewe madukani. Nchi nzima! Wafugaji ambao hawakuwa na kosa lolote walipata hasara pamoja na wengine.

Na ng'ombe? Kila ng'ombe alikuwa na namba yake na hati yake. Wakatafuta wale wa mashamba yaliyohusika, wakawazuia hao tu. Nyama ya ng'ombe wengine ikaendelea kuuzwa. Chakula kilikuwa kile kile, sumu ilikuwa ile ile, ila wenye kumbukumbu waliokoka na wasio na kumbukumbu waliumia.

HAPA KWETU

Hapa Afrika, Botswana ilianza zamani. Imekuwa ikiuza nyama Ulaya kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kumpa kila ng'ombe kidonge kigumu chenye namba, kinachokaa tumboni na kusomwa kwa mashine. Baadaye wakageukia hereni za masikioni.

Tanzania tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, na nyama yetu, hasa ya mbuzi na kondoo, huuzwa nchi za Ghuba kama vile Oman na Qatar. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo. Mwaka 2017 mifugo mingi ilipigwa chapa ya moto. Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambapo mnyama huchanjwa na kuvishwa hereni.

Wafugaji wengine wanauliza, "Hereni hii inanifaa nini mimi? Si wanataka tu kutuhesabia ng'ombe?" Swali hilo ni la haki, na lijibiwe. Mnyama mwenye hereni akiibwa, ni rahisi kumtambua kuliko asiye na alama. Chapa ya moto huharibu ngozi, hereni haiharibu. Ugonjwa ukitokea kijiji kimoja, hakuna haja ya kufunga minada ya wilaya nzima. Na mnunuzi wa mbali hawezi kulipa bei nzuri kwa mnyama asiyejua alikotoka. Lakini hereni peke yake ni namba tu. Haina maana kama hakuna mtu aliyeandika mambo ya mnyama huyo. Mwandishi wa kwanza ni mfugaji mwenyewe.

DAFTARI LA MFUGAJI

Hapa ndipo elimu yetu inapofanya kazi. Chukua daftari moja. Kila mnyama mpe ukurasa wake. Andika hivi:

Namba au jina la mnyama: 14, dume mwekundu
Alizaliwa: Aprili 2023, hapa nyumbani
Chanjo: tarehe na aina
Chakula: malisho ya kijiji, mashudu ya alizeti kuanzia 1 Julai
Dawa: jina la dawa, tarehe, siku za kungoja
Aliuzwa: tarehe, kwa nani, bei

Mistari sita tu. Kama hujazoea kuandika haraka, mwandikishe mtoto wa shule huku wewe unasimamia. Siku ya kuuza, mfungulie mnunuzi ukurasa. Mwambie, "Soma mwenyewe." Huenda siku ya kwanza asiongeze hata senti moja. Lakini mnyama wako asipomletea hasara, atarudi kwako. Na likitokea jambo baya sokoni, daftari lako litakusemea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mnyama apewe malisho safi, maji na chumvi. Asipewe nafaka yenye ukungu.
2. Nguruwe wakae bandani, na kila kaya itumie choo.
3. Hesabu siku za kungoja baada ya dawa.
4. Mnyama apumzishwe na asipigwe kabla ya kuchinjwa.
5. Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe wala asiliwe.
6. Nyama isifungwe kwa gazeti wala kiroba cha mbolea.
7. Tazama muhuri wa mkaguzi kabla ya kununua.
8. Andika kumbukumbu za kila mnyama.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chetu nyama hukaguliwa na nani? Asipokuwapo tunafanyaje?
2. Kwa nini nyama ya ng'ombe aliyeswagwa mbali huoza upesi?
3. Mfugaji amempa ng'ombe dawa tarehe 5 Juni. Siku za kungoja ni 21. Tarehe ngapi ipite ndipo auzwe kwa mchinjaji?
4. Jirani amekuletea nyama ya ng'ombe aliyekufa usiku. Utamwambia nini bila kuharibu ujirani?
5. Wangapi kati yetu wana daftari la mifugo? Wasio nalo waanze lini?

Jadilianeni swali la tano mpaka kila mmoja ataje siku yake. Halafu siku hiyo muulizane.